Kitanda cha Mkwe Kinauma

Mke wangu aliponiambia kwamba kitanda cha mama yake kinauma, nilimjibu amnunulie dawa ya kunguni. Tulikuwa jikoni kwetu Masasi. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku hospitali ya Mkomaindo, bado amevaa sare, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaucheka mzaha wangu mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Siyo kunguni," akasema. "Anasema alfajiri akikishika ili ainuke, kinamuuma mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama siafu wanapanda. Na tangu mvua zianze kimezidi."

Hapo chai ikanishinda. Mimi ni fundi umeme. Kuanzia mitaa ya Masasi mpaka kijijini kwetu Chiwata, kuna nyumba nyingi ambazo waya zake nimezipitisha mimi. Mtu akiniambia kwamba chuma kinamuuma mkono hadi kwenye kiwiko, tena msimu wa mvua, sihitaji kwenda kwa mganga kuuliza. Kitanda cha mkwe wangu ni cha chuma, sakafu ya chumba chake ni ya saruji, na kuta za nyumba ile hunyonya maji. Umeme ulikuwa umepata kichochoro cha kufika kitandani. Kwa sasa unapita kidogo kidogo na kuuma. Siku kichochoro kikipanuka hautauma tena, utamkamata na hautamwachia.

Nilimwomba mke wangu radhi kwa ule mzaha wa kunguni. Akasema radhi nikamwombe mama, akaenda kulala. Kesho yake asubuhi nikabeba begi langu la kazi, nikapanda gari kwenda kwake Newala.

Kwa asiyetoka huku, lazima nieleze jinsi mimi na mkwe wangu tunavyoishi. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kupeana mkono. Nikifika, nachuchumaa mbali, natazama chini, nasema shikamoo mama. Naye anaitikia marahaba akiwa ametazama pembeni, anaulizia watoto, basi. Mimi nakula sebuleni, yeye anakula jikoni. Na mashemeji zangu natania nitakavyo, wananiita mla panya na mimi nawaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa, lakini mama mkwe hataniwi. Chumba chake nilikuwa nakijua kwa pazia lake tu, la kitenge chenye maua ya njano. Kupita kando ya pazia lile nilikuwa nafanya haraka, kama mtu aliyekosea njia.

Nilimkuta peke yake. Shemeji yangu wa mwisho, anayeishi naye, alikuwa Tandahimba kwenye mambo ya korosho. Kitanda changu sebuleni kilikuwa kimetandikwa tayari, kama kawaida yake, shuka limenyooshwa juu ya godoro la sponji. Godoro lile nilikuwa na ugomvi nalo wa siku nyingi. Lilikuwa limebonyea katikati, na kila nikitoka Newala mgongo ulikuwa unaniuma. Nilishawahi kumlalamikia mke wangu kuhusu hilo. Alinitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Nikaanza kazi. Meini swichi iko pale pale sebuleni, juu ya mlango, na pembeni yake kuna boksi la breka tatu. Aliyefunga umeme ule hakuandika chochote. Hakuna anayejua ipi ni ya taa, ipi ni ya soketi, ipi inakwenda chumba gani. Nilitaka kwanza kuhakikisha kama kweli kitanda kina umeme, kisha nizime breka moja baada ya nyingine mpaka nijue ni ipi inayokilisha. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye testa. Ila testa ilitakiwa iwe kule nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa huku.

Nikasimama kwenye ujia, nimelipa pazia mgongo. "Mama, tungemwita jirani mmoja, mwanamke, aingie anishikie kifaa?"

"Hapana, baba. Chumbani kwangu haingii mtu."

Alilisema kwa ukali ambao sikuuzoea. Kisha akasema kwa upole, "Nitakishika mimi. We nielekeze tu."

Testa ni bisibisi nyembamba yenye mpini unaopitisha mwanga, na ndani ya mpini kuna taa ndogo. Ncha unaigusisha kwenye kitu unachokipima, na kidole chako unakiweka kwenye kichuma kidogo kilichoko nyuma ya mpini. Kama kuna umeme, unapita kidogo sana kwenye mwili wako, usiouhisi hata wewe mwenyewe, na taa inawaka. Bila mwili wako haiwaki. Kwenye begi nilikuwa na mita pia, lakini mita ina nyaya mbili na namba, nikaona nitamchanganya. Nikaiweka testa juu ya kigoda, nikakisogeza kigoda mpaka karibu na pazia, nikarudi nyuma. Mkono ukatoka, ukachukua.

"Vaa ndala kwanza, mama. Halafu uwe mwangalifu, usiguse chuma. Gusisha ile ncha kwenye mguu wa kitanda. Kidole kiwe huku nyuma. Uangalie kama kale kataa ka ndani kanawaka."

Nikasikia ndala zikiburuzwa. Kisha zikasimama.

"Vipi, mama?"

"Haiwaki."

"Jaribu mguu wa pili."

"Haiwaki, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Giza."

Nilifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kiburi kidogo. Nikampigia mke wangu simu pale pale kwenye ujia, nikamwambia kitanda kimepimwa na hakina kitu, pengine ni mishipa, mama ameanza kuzeeka, amtafutie nafasi hospitali aangaliwe. Sikushusha hata sauti. Kisha nikaligeukia pazia na kutangaza, "Mama, kitanda ni salama. Kishike tu bila wasiwasi."

"Haya, baba. Nashukuru," akasema nyuma ya pazia. "Basi ni uzee."

Alilipokea kwa unyenyekevu namna ile. Mtu aliyekuwa akiumwa kweli na kitu cha kweli, nikamwambia anaota, akanishukuru.

Jioni akaleta chakula. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa sebuleni, redio imechomekwa kwenye soketi inapiga taarabu, na yeye akaingia ameinamisha uso, amebeba sufuria ya mbaazi iliyotoka motoni. Nikatazama chini kama inavyonipasa. Macho yakaangukia mikono yake. Alikuwa ameviringisha pembe za kanga kwenye viganja vyote viwili, na hakuna kidole hata kimoja kilichogusa chuma cha sufuria ile.

"Mama," nikasema, "samahani. Ile testa uliishikaje?"

Akaweka sufuria chini. "Kama ulivyoniambia. Ulisema nisiguse chuma."

"Na kile kichuma cha nyuma?"

"Si chuma nacho? Nikashika kwa kanga."

Nikamwomba ailete. Akaenda, akarudi nayo ikiwa bado imeviringishwa kwenye pindo la kanga, kama kitoto kichanga. Nikamwomba aje pale kwenye soketi ya redio. Alisita. Kuja pale ilikuwa ni kusimama hatua moja kutoka nilipo, na hatujawahi kusimama hivyo. Nikajisogeza mpaka mgongo ukagusa ukuta wa upande wa pili, ndipo akaja, nikamwelekeza aiingize ncha kwenye tundu la kulia la soketi iliyokuwa wazi pembeni ya plagi. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu. Testa ilikuwa giza.

"Unaona?" akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Kuna jambo ambalo kila fundi hufundishwa kabla hajaruhusiwa kugusa waya. Kabla hujapima usichokijua, pima kwanza unachokijua. Ipeleke testa kwenye umeme ambao una hakika nao, uione ikiwaka. Kapime unapotaka. Halafu irudishe tena pale pa kwanza, uone bado inawaka, kwa mkono ule ule na viatu vile vile. Testa isiyowaka inaweza kuwa inakuambia hakuna umeme, na inaweza kuwa inakuambia imekufa, au aliyeishika ameishika vibaya, au amevaa raba. Na ndala nilikuwa nimemvalisha mimi mwenyewe.

Mafundi wanaojifunza kwangu nimewakaripia kwa kosa hilo mpaka wengine wamenikimbia. Sikuisahau kanuni. Niliiruka nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu kuifuata kungenilazimu nimwombe mkwe wangu atoke, aje asimame karibu nami, anyooshe mkono mbele ya macho yangu, nami nimtazame. Nikaona aibu. Niliilinda heshima yangu ya mkwe kwa roho ya mama wa watu, halafu nikampigia binti yake simu kumwambia kwamba amezeeka.

Nikaenda kuzima meini swichi. Redio ikakatika, nyumba ikaingia kiza cha magharibi. Nikasema, bila kumtazama, "Mama, itabidi niingie mwenyewe."

"Huwezi kufanya ukiwa huku huku?"

"Siwezi."

"Basi uzime wote. Tuwashe kibatari. Mbona tuliishi hivyo miaka yote, na wewe mkeo amelelewa na kibatari."

"Mama, huwezi kukaa bila umeme kwa sababu ya kitanda."

"Naweza," akasema. "Uzime tu, baba. Usijisumbue."

Nilidhani ni ile ile heshima yetu, ila yeye ameizidisha. Nikakasirika. Nilikuwa tayari nimekasirika na nafsi yangu, na hasira ya namna hiyo haichagui pa kutokea. Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika nyumba ile, "Mama, kitakuua!"

Sauti iligonga bati na kurudi. Mkwe anamfokea mkwe, nyumbani kwake, chakula chake kikiwa mbele yake. Ningeweza kufukiwa pale pale nikashukuru. Yeye akaiweka testa chini. Akajifunga kanga vizuri, akatoka nje, akaenda kusimama kando ya tangi la maji ya mvua, akaipa nyumba mgongo.

"Ingia," akasema akiwa kule.

Nikawasha tochi ya simu, nikainua pazia la maua ya njano.

Kitanda kilikuwa kitupu. Hakikuwa na godoro wala shuka. Juu ya springi zake palipangwa magunia mawili ya korosho na beseni la makopa ya muhogo. Kati ya kitanda na ukuta, chini, kwenye saruji, palikuwa na mkeka umetandikwa, blanketi limekunjwa miguuni, na kitenge kilichoviringishwa kuwa mto. Juu ya mkeka chandarua kilining'inia chini chini, kimefungwa upande mmoja kwenye nguzo ya kitanda na upande mwingine kwenye msumari wa ukutani, kwa waya ule wa kufungia nondo.

Akikishika ili ainuke. Mke wangu alinieleza hivyo hivyo, na mimi nikamwona mama akiinuka kutoka kitandani, kwa sababu watu huinuka kutoka kitandani. Kumbe alikuwa anainuka kutoka sakafuni, na magoti yake hayana nguvu, anakamata chuma kile kila alfajiri ajivute, naye hana viatu, na saruji ina unyevu.

Kisha nikafanya kazi, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa najua kukifanya. Nikarudi sebuleni nikawasha meini. Nikavua viatu, nikaipima testa kwenye soketi ya redio, kidole changu kikiwa kwenye kichuma cha nyuma, ikawaka. Nikaenda nayo chumbani, nikaigusisha kwenye mguu wa kitanda, ikawaka vile vile, nyekundu, bila kusita. Nikazima breka ya kwanza, kitanda bado kinawaka. Nikaiwasha, nikazima ya katikati, taa ya testa ikafa. Nikarudi kwenye soketi ya redio kuhakikisha kama testa ni nzima, ikawaka. Nikarudi kitandani, giza. Nikatoa mita begini, nikarudia kila kitu kwa mita. Sikutaka tena kuamini upesi.

Chanzo kilikuwa ule msumari. Waya wa soketi ya chumbani unashuka ndani ya ukuta ule, na msumari ulikuwa umepigwa katikati yake, ukatoboa plastiki na kugusa waya wa moto. Kutoka kwenye msumari umeme ulipita kwenye waya wa chandarua mpaka kwenye kitanda. Msumari wenyewe haukuwa na kutu. Ulikuwa msumari mpya, umepigwa chini sana, usawa wa kiuno changu. Mtu anayelala kitandani hufunga chandarua chake juu. Msumari wa kule chini ni wa mtu anayelala mkekani.

Nikaelewa godoro limekwenda wapi. Nilikuwa nimelilalia mimi, mwaka baada ya mwaka, na nikalilalamikia.

Nilitaka kutoka na kwenda kulibeba godoro lile na kulirudisha mahali pake saa ile ile. Nilifika hata kwenye pazia. Nikampigia mke wangu badala yake, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa anajua.

"Ni lake," akasema. "Alilitoa siku uliyokuja kujitambulisha. Anasema mkwe anaweza kufika siku yoyote, asikute nyumba haina pa kumlaza. Tumemnunulia jingine mara ngapi? Anampa kaka, anampa mgonjwa, analitoa msibani." Kisha akauliza, "Wewe umeingia chumbani?"

"Nimeingia."

"Usimwambie kitu. Utamvua nguo."

Nikaikata laini ya soketi ya chumba kile kwenye boksi, nikazifunga ncha zake vizuri mpaka nitakaporudi na waya mpya. Nikang'oa msumari. Ule waya wa chuma wa chandarua nikautupa, nikachonga kijiti, nikakipigilia mahali ambapo nilikuwa na hakika hapana kitu, nikakifunga chandarua kwa kamba ya katani. Nilikifunga chini, usawa ule ule, juu ya mkeka ule ule. Kukifunga juu kungekuwa ni kumwambia nimeona. Mikono yangu haijawahi kufanya kazi inayonitia aibu kuliko ile, kumtengenezea mama yangu wa ukweni mahali pazuri pa kulala chini.

Nilipotoka alikuwa bado amesimama kando ya tangi. Mvua ndogo ilikuwa imeanza na hakuikimbia.

"Umeona nini, baba?" akauliza bila kugeuka.

"Nimeona msumari, mama. Ulitoboa waya. Nimeutoa."

"Msumari tu?"

"Msumari tu."

Mabega yake yakashuka. "Haya," akasema. "Mbaazi zimepoa. Ngoja nikupashie."

"Mama," nikasema, "nisamehe nilivyokufokea."

"Ulinifokea?" akasema, akapita kuelekea jikoni akiwa ametazama pembeni, kama ilivyo desturi yetu. "Sikusikia. Masikio ya uzee haya."

Nilikula chakula chote. Kulala ndiko kulikonishinda. Nilifikiria kulala chini, lakini asubuhi angeona shuka halikukunjika. Nikapanda, nikajinyoosha pembeni kabisa, na kila nikisinzia godoro lilinirudisha katikati, kwenye lile bonde nililokuwa nikilisema vibaya. Lilikuwa bonde la mwili wake, wa miaka ile kabla sijafika mimi.

Alfajiri adhana iliponiamsha nilisikia chumba cha pili magoti yakigonga saruji. Kisha springi za kitanda zikalia kidogo, zikanyamaza, na nilijua mkono wake uko juu ya chuma, unasubiri kuumwa. Nikazuia pumzi. Ukapita muda. Kitanda kikalia tena kwa nguvu, akawa amesimama, nikamsikia akisema Alhamdulillahi.

Ndala zikaburuzwa kuja kwenye ujia. Nikafumba macho, nikajikunja katikati ya godoro lake, nikakoroma.